Misimu Mitatu ya Kupishana Mlangoni

Siku mliyoniaga mliniomba maneno machache ya hekima, nami nikasema machache kweli, maana pilau ilikuwa inapoa na mgeni rasmi alikuwa bado hajahutubia. Nikawaahidi kwamba yaliyobaki nitayaandika. Niliona wengine mkitabasamu. Basi, mstaafu ana muda kuliko kazi, na hakuna anayeniita tena kwenye kikao. Nimekaa nimeandika.

Vyeo nitaviruka. Anayevitaka akasome jalada langu pale masjala, kama panya hawajalisoma kabla yake. Nitawaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na kesi moja ambayo sikuiandika yote kwenye ripoti kwa sababu sehemu yake kubwa ilikuwa ndani ya nyumba yangu.

Kazi ya bwana afya niliianzia Mwanhuzi, kule Meatu. Mimi ni mtoto wa Mkula, nimezoea upepo wa ziwani na udongo wenye rutuba. Mwanhuzi nilikuta ukavu, ng'ombe wengi kuliko miti, na vumbi lililomaliza mng'ao wa viatu vyangu vya chuoni kabla ya saa nne asubuhi. Aliyenipokea ni Mzee Ndaki, bwana afya mkongwe, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Siku ya kwanza hakunipa faili wala fomu. Alinipa baiskeli isiyo na breki, akasema tutakwenda polepole.

Tulikwenda kwenye mji wa mfugaji mmoja ambaye hakuwa na choo. Mimi nilikuwa na hotuba yangu tayari. Mzee Ndaki akasalimia kwa Kisukuma, akauliza habari za ng'ombe mmoja mmoja, kisha akauliza watu wa mji ule wamelalaje. Aliuliza hivyo na kunyamaza hadi ajibiwe kweli, si kujibiwa tu. Tukanywa maziwa, tukaondoka. Choo hakikutajwa. Njiani nikamuuliza tumefanya kazi gani. Akasema, mpaka ujue mtu analalaje, hujui anaishije.

Ziara ya tatu yule mfugaji mwenyewe ndiye aliyeeleza. Hakuwa mvivu. Kwa mila yao, baba mkwe hawezi kuingia choo anachoingia mke wa mwanawe, kwa hiyo choo kimoja kwake kilikuwa sawa na kutokuwa nacho. Kitabu cha chuo kiliandika choo kimoja kwa kila kaya. Kitabu hakikuwa na mkwe. Akachimba viwili.

Mzee Ndaki ndiye aliyenifundisha pia sahani nyeupe. Ofisi yetu haikuwa na kipimo chochote cha vumbi, na haikutegemea kukipata. Yeye alinunua sahani za bati zenye rangi nyeupe, zile za kulia wali, akawa anaziweka juu ya ukuta karibu na mashine ya kusaga, nyingine mbali nayo. Baada ya siku moja anapitisha kidole. Kidole hakidanganyi, alisema, na tajiri wa mashine hawezi kubishana na sahani. Mzee yule alistaafu nikiwa bado sijamaliza kumuuliza maswali.

Nikahamishiwa Bariadi. Siku hizo ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, mji mdogo, umeme wa kubahatisha. Hapo ndipo nilipoishi na mke wangu, Kabula, binti wa Mwamanyili. Alikuwa fundi cherehani. Sijapata kuona mtu aliyeelewana na usingizi kama yeye. Giza likiingia, akishaosha vyombo, maneno yake yanapungua, na kabla sijamaliza kumsimulia ya kazini amelala. Jogoo wa kwanza akiwika, yuko jikoni. Nikiamka nakuta michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, imechemshwa, karanga zimetwangwa, chai iko tayari. Tulikula wawili kabla watoto hawajaamka. Yale mazungumzo ya asubuhi hayakuwa na jambo lolote kubwa. Alikuwa akinieleza nani kaleta kitambaa gani na nani kanenepa. Leo ningeambiwa nichague saa moja ya maisha yangu nirudishiwe, ningechagua mojawapo ya hizo, hata ile aliyonisema kuhusu soksi.

Kisha soko la pamba likafunguliwa. Wazee mnakumbuka, vijana mmesoma. Kabla ya hapo pamba yote ilinunuliwa na chama cha ushirika na kuchambuliwa kwenye jineri yao, ambayo ilisimama kila ilipokosa vipuri, na ilivikosa mara nyingi. Jineri ikisimama, mji ulipumua. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, na haikupita misimu mingi kikajengwa kiwanda kipya cha kuchambua pamba, pembeni kabisa ya nyumba za watu. Hiki hakikujua kusimama. Kilikuwa na jenereta kubwa na taa za mlingoti, na tangu pamba inapoanza kuingia hadi robota la mwisho linapotoka kilifanya kazi usiku na mchana.

Sisemi kwamba watu walichukia. Watu walifurahi. Mkulima alilipwa pale pale, na vijana waliokuwa wakishinda kwenye kivuli cha maduka walipata ajira. Kabula naye akaniambia anataka kwenda. Watoto wetu wawili wa kwanza walikuwa sekondari, lakini hilo halikuwa la msingi kwake. Alisema ameshona nguo za safari za watu wengine miaka yote, yeye mwenyewe haendi popote. Anataka atoke nyumbani kama mimi ninavyotoka. Nikaona ni haki yake. Akapewa zamu ya usiku, kazi ya kulisha pamba kwenye bomba linaloivuta ndani.

Hivyo tukaanza kupishana mlangoni. Mimi natoka, yeye anaingia, nywele na nyusi zimejaa nyuzi nyeupe kama bibi kizee. Mwanzoni ilikuwa mzaha wetu. Namuita bibi, ananiita mjukuu. Jioni narudi, yeye anafunga kitenge aende. Michembe nilianza kujichemshia mwenyewe, vibaya.

Msimu wa pili malalamiko yakaanza kufika ofisini. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekaa ng'ambo ya ukuta wa kiwanda alikuja kueleza kwamba jogoo wake amerogwa, anawika saa yoyote. Alikuwa amekwisha kumchinja na kununua mwingine, naye akawa vile vile. Akamla huyo pia ndipo akaja kwangu. Nikaenda kuangalia. Taa za mlingoti zilimulika moja kwa moja kwenye banda lake, na kwenye dirisha lake la chumbani vile vile. Nikamuuliza yeye analalaje, nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Mzee akasema hajui tena. Analala vipande vipande. Akishtuka hajui kama ni usiku au kumekucha, na moyo unampiga kama amekimbizwa.

Nyumba ya pili walisema hivyo hivyo. Ya tatu pia. Nikatoa sahani zangu nyeupe nikazipanga kwenye kuta za mtaa ule, nyingine nikaziweka upande wa pili wa mji. Za mtaa wa jineri asubuhi zilikuwa na utando wa masizi na nyuzi. Kelele na mwanga sikuwa na cha kupimia.

Kwenye kituo cha afya alikuwapo nesi mmoja, Nesi Minza, mwanamke asiyependa maneno mengi. Nilipomweleza, alisema ameona watu wa mtaa ule wakija na presha kila msimu wa pamba, na wengi wao hupata nafuu mvua zikianza na kiwanda kikinyamaza. Alidhani ni uchovu wa kilimo. Tukakubaliana twende nyumba kwa nyumba asubuhi, yeye na mashine yake ya zebaki ya kupimia presha, mimi na sahani zangu. Wa karibu na kiwanda tukawapima, na wa mbali tukawapima, watu wa rika moja. Sikuhitaji kuwa msomi kuona tofauti. Pale karibu, zebaki ilipanda na kugoma kushuka.

Daktari wa wilaya alipoona daftari letu alitukalisha akatueleza. Mwili una saa yake ndani, alisema, na saa hiyo hurekebishwa kila siku na mwanga wa jua na giza la usiku. Giza likiingia presha hushuka, moyo unapunguza mwendo, mishipa inalegea. Mtu anayemulikwa taa na kutikiswa na jenereta usiku kucha, mwili wake hauambiwi kwamba jua limezama. Ongeza moshi na vumbi vinavyobana mishipa. Alisema moyo nao unahitaji usiku. Wakati ule tuliyaona mageni. Baadaye nimeyasikia kwenye semina nyingi, yakielezwa kwa michoro ya rangi, lakini sijasikia yaliyoelezwa vizuri zaidi ya pale.

Tulipomaliza nyumba ya mwisho Nesi Minza alifunga mashine yake akaniangalia.

"Bwana afya, mtaa mzima tumeumaliza. Nyumbani kwako lini?"

Nikamjibu kwamba mke wangu ni mzima, amechoka tu, na mchana analala. Jibu hilo nililipokea kwa watu wengine mwezi mzima na kulikataa kila nilipolisikia. Nilipolitoa mimi nikaliona linatosha.

Maana dalili nilikuwa naziona. Kabula mchana alitundika khanga tatu kwenye dirisha na bado alikuwa anajigeuza. Watoto walijifunza kutembea kwa vidole. Aliacha kumaliza chakula. Alisahau alichotumwa kununua, yeye aliyekumbuka kipimo cha kiuno cha kila mwanamke wa Bariadi. Nilimwambia apumzike, akasema msimu ukiisha. Ulipoisha alikaa wiki kadhaa akiwa macho usiku na kusinzia mchana, kisha msimu wa tatu ukaanza.

Asubuhi moja ya msimu huo nilikuwa natoka, nimeshika mfuko wangu. Nikafungua mlango nikamkuta amesimama nje, mkono mmoja kwenye fremu. Jua lilikuwa linachomoza nyuma yake.

"Mwadila," akanisalimia.

Hiyo kwetu ni salamu ya jioni. Asubuhi tunasema mwangaluka, na hakuna Msukuma anayekosea, hata mtoto. Nilicheka. Nikamwambia bibi, leo umeanza kuzeeka kweli. Yeye hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetafuta neno, akaniuliza kwa nini natoka usiku huu. Ndipo nikaona midomo yake imepauka, na nilipomshika mkono nikasikia mapigo yake yanakwenda bila mpangilio, yanakimbia, yanasita, yanakimbia tena.

Nimesamehewa makosa mengi kazini. Kicheko kile hakuna aliyeniuliza habari zake, nami sijakisahau.

Nesi Minza alimpima mara mbili, kisha mara ya tatu kwa mkono mwingine. Akaniandikia kwenye karatasi nimpeleke kwa daktari. Daktari akasema moyo umetanuka kidogo. Dawa zipo, lakini kwanza arudishiwe usiku wake. Je, kuna mahali anaweza kulala penye giza na kimya?

Palikuwapo, kwao Mwamanyili. Nilimpeleka kwa mama yake, nyumba ya udongo katikati ya mashamba, ambako jua likizama hakuna kinachobaki ila vyura. Nilirudi baada ya wiki tatu kumjulia hali. Nilifika mchana wa saa nane, mama mkwe akanipa kiti nje, akaniambia kwa heshima yote kwamba mkwe wangu utaniwia radhi, simwamshi. Nikakaa. Nilikaa mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia. Kabula alipotoka alikuwa na alama ya mkeka shavuni, akanisalimia salamu ya saa ile ile iliyokuwapo. Nesi Minza alikuwa ameniazima mashine. Nilimpima mwenyewe. Presha ilikuwa imeshuka. Haikufika tulipotaka, lakini ilikuwa imeshuka.

Ripoti niliyoandika baada ya hapo ilikuwa na mtaa, sahani, na presha za watu. Ya Kabula sikuiweka. Kikao kiliitishwa ofisi ya kata. Alikuja meneja wa kiwanda, kijana mpole ambaye nadhani naye alikuwa halali vizuri, wakaja wakazi, na wakaja wafanyakazi wa zamu zote. Kabula alikuwa amerudi siku mbili kabla, akasema atakuja, nami nikamwomba asije. Akaja.

Kikao kilianza vibaya. Nilisoma ripoti, na kabla sijafika katikati mpakia marobota mmoja akasimama akasema bwana afya ana kazi ya serikali, mvua inyeshe isinyeshe, ndiyo maana anataka kutufungia kiwanda. Wengi wakamuunga mkono. Wakazi nao wakajibu. Meneja akasema sheria hairuhusu wala haikatazi. Niliona ripoti yangu inazama.

Kabula akanyoosha mkono. Alisimama akiwa ameshika kiti cha mbele yake.

"Mimi nimelisha lile bomba misimu mitatu," akasema. "Mnanijua. Sitaki kiwanda kifungwe, na mume wangu hataki. Mimi nataka kulala. Asubuhi moja nilifika mlangoni kwangu nikamuona huyu anatoka, nikadhani ni usiku ananiacha. Sikujua jua liko upande gani. Nani hapa wa zamu yangu hajawahi kufika hapo?"

Mwanamke mmoja wa zamu yake akanyanyua mkono, taratibu. Kisha mwingine. Kisha yule mpakia marobota, ambaye hata hakuwa ameketi bado.

Mimi yale ya mlangoni nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Hakuwa ameniambia kwamba alidhani ninamwacha.

Sikushinda siku ile, maana haikuwa vita ya kushinda. Meneja alikubali kuzielekeza taa chini, ndani ya uwanja wake, na zikawekewa vizuizi vya bati. Zamu ya usiku ikawa ya kupokezana, hakuna mtu wa usiku msimu mzima. Wakapewa vitambaa vya pua. Jenereta lilihamishwa msimu uliofuata, baada ya barua zangu ambazo nadhani alizihamisha kwanza kutoka meza moja hadi nyingine. Vumbi lilibaki vumbi. Mwalimu mstaafu alinunua jogoo wa tatu, na huyu alikufa kwa uzee.

Vijana wangu, nikisema kitu cha kazi hapa, ni hiki tu: mkipima mtaa, pimeni na nyumba zenu.

Kabula hakurudi jineri. Alirudi kwenye cherehani, akanywa dawa zake kila siku, na tulipata miaka mingi. Michembe ya asubuhi ilirudi pia. Lakini usingizi ule wa zamani haukurudi wote. Kuna nyakati alikuwa anashtuka katikati ya usiku na kuketi. Nilijifunza kuamka naye, tukazungumza kwa sauti ndogo hadi apate usingizi, na ikawa mimi sasa ndiye ninayeshindwa kulala baada ya hapo. Sikulalamika. Nilikuwa na deni la mazungumzo ya misimu mitatu.

Tulikubaliana nikistaafu tutahamia Mwamanyili, tujenge vyumba viwili kwenye kiwanja alichoachiwa na mama yake. Yeye ndiye aliyechagua milango itazame wapi. Alifariki miaka mitatu kabla ya siku hiyo, mchana, kwenye cherehani yake, mimi nikiwa nakagua bucha. Ni moyo. Baba yake naye alikuwa na presha, kwa hiyo siwezi kuandika kwamba ni jineri. Bwana afya haandiki asichoweza kukithibitisha. Ninayoyawaza ni mengine.

Mliponiaga, niliifunga nyumba ya Bariadi nikahamia Mwamanyili kama tulivyopanga. Vyumba ni viwili, milango inatazama alikotaka. Siku ya kuhamia nilichoka, nikalala mapema. Niliamshwa na kubisha hodi kwa nguvu. Alikuwa shemeji yangu Nyamizi, mdogo wake Kabula, anakaa nyumba ya jirani. Jua lilikuwa juu kabisa. Alisema amekuja mara mbili, hakuitikiwa, akaogopa.

"Shemeji, unaumwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Nimelala tu."

Aliniangalia kidogo, akaondoka kwenda kuniletea uji. Nikarudi kukaa kitandani. Mwili ulikuwa mwepesi, kichwa kimetulia, moyo unapiga polepole kama wa kijana. Sikumbuki lini niliwahi kulala hivyo. Nikakaa pale mpaka uji ukaletwa na ukapoa, naona aibu, maana usingizi huo ulikuwa wake.